UZI: "Hafai kuigwa na jamii" – sentensi inayowamaliza wahusika wa tamthiliya kabla hatujawasoma

Mleta uzi (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, salaam. Waongozaji wa jukwaa, naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye mambo ya matokeo ya mitihani. Ni uzi wa fasihi.

Nafundisha twisheni ya Kiswahili na fasihi hapa Nkuhungu, na katika kusahihisha kuna sentensi moja nikiifikia naweka kalamu chini. "Mhusika huyu hafai kuigwa na jamii." Ngoswe hafai kuigwa. Brutus hafai kuigwa. Shylock ndiyo usiseme. Kinjeketile yeye anafaa, kwa sababu ni shujaa. Mtu mzima, mwenye woga wake, tamaa zake na mashaka yake, anapewa cheti cha tabia njema au ananyimwa, kisha tunaita anayefuata. Ukimaliza kusoma jibu la namna hiyo unaweza kudhani tamthiliya ni usaili wa kazi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mhusika hutamfahamu kwa orodha ya sifa. Utamfahamu pale alipoamua jambo wakati alikuwa na nafasi ya kuamua vingine. Kila tamthiliya nzuri ina sehemu hiyo, mara nyingine ni ukurasa mmoja tu. Itafute, kaa hapo, uliza aliogopa nini, alitaka nini, nani alimwonya, na nani alikuja kulipa. Dhamira utaikuta papo hapo bila kuhangaika.

Wala si jambo jipya. Aristotle alishaliandika karne ya 4 kabla ya Kristo: katika tanzia, yaani mchezo wa huzuni, kinachotangulia ni tendo, tabia inafuata nyuma yake. Mfano alioupenda sana ni Oedipus wa Sophocles, ule mchezo tulionao kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Wanafunzi wengi wakiusoma wanasema Oedipus kaponzwa na utabiri, basi, dhamira ni "majaliwa". Mimi nawaambia rudini pale mkewe, Jocasta, anapomsihi aache kuuliza. Yule mama ameshaelewa kila kitu kabla ya mumewe. Anamwomba kwa uhai wake aache. Mchungaji mzee naye anaomba asilazimishwe kusema. Oedipus anaweza kunyamaza, aendelee kuwa mfalme. Anakataa, kwa sababu mji unakufa kwa tauni na yeye ameapa kumpata muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia. Utabiri ulimfanya amuue baba yake bila kujua. Kuujua ukweli alikutaka mwenyewe. Sasa mwandikie kijana huyo kwamba "anafaa" au "hafai". Utaanzia wapi?

Naanza na kitabu ambacho kila aliyepita kidato cha nne anakijua, halafu nitakwenda kwa Brutus na Kinjeketile. Wenye swali waulize, nitajibu nikipata nafasi.

NGOSWE

Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba, 1988. Jibu la kawaida: Ngoswe ni msomi, mzembe, mlevi, mpenda wanawake. Hafai kuigwa na jamii. Hakuna uongo hapo, lakini mchezo wenyewe hauko hapo.

Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu. Anafikia kwa Mzee Mitomingi, balozi wa nyumba kumi. Anamtamani Mazoea, binti wa mwenyeji wake, na binti ana mchumba. Mwisho karatasi za sensa zinateketea kwa moto. Sasa swali langu: aliyezichoma ni nani? Si Ngoswe. Ni Mzee Mitomingi.

Hapo ndipo pa kukaa. Mzee huyu ndiye mkono wa serikali kijijini. Ndiye aliyempokea karani, na kama kuna mtu aliyepaswa kuzilinda zile karatasi ni yeye. Zimejaa majina ya watu wake mwenyewe. Lakini dakika ile anapochagua kati ya balozi na baba, baba anashinda, na kijiji kizima kinafutwa kwenye hesabu kwa kosa ambalo hakikulifanya. Ukitazama hivyo, dhamira haiishii kwenye "mapenzi kazini". Inahusu deni la mtumishi mmoja linavyolipwa na watu ambao hata hawakuwepo chumbani. Sisi tunaoishi jirani na Mji wa Serikali pale Mtumba, nusu ya wapangaji wetu wakiwa watumishi, hili jambo hatuhitaji kuelezewa sana.

Na Mitomingi anafaa kuigwa? Nasubiri majibu.

Mdau wa Kizota

Mkuu nimeweka kambi hapa. Ila nicheke kidogo: sensa ya 2022 makarani walikuja na vishikwambi. Mzee Mitomingi wa leo angechoma kishikwambi cha serikali angelipa mpaka wajukuu. Na baadaye vile vishikwambi wakapewa walimu, kwa hiyo hata wewe mleta uzi kaa navyo mbali na jiko.

Mdau wa Kondoa

Mleta uzi, heshima yako, lakini napinga. Fasihi yetu tangu enzi za mabibi inafunza. Sungura alifanya hivi, fisi akapata vile, na mwisho mtoto anaambiwa asiwe kama fisi. Hiyo "hafai kuigwa" haikutoka hewani, imetoka kwenye jiko la bibi. Wewe unataka tusome kama Wazungu wanaokaa na kumwonea huruma muuaji?

Mleta uzi

Mdau wa Kondoa, nimekusikia, na hoja yako ina uzito kuliko ulivyoiweka. Mimi sipingi hukumu. Napinga kuhukumu kabla ya kusikiliza kesi. Bibi alikuwa anamhukumu fisi mwisho wa hadithi, baada ya kutuchekesha naye, kutufanya tusikie njaa yake, na kutufanya tutamani angalau mara moja apate ile nyama. Sisi tunaanza na hukumu, na wengi tunaishia hapo hapo.

Halafu kuna jambo nadhani limetuathiri zaidi kuliko hadithi za fisi, na limetoka hapa hapa kwetu Dodoma. Ngonjera. Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, ndiye aliyeipa ngonjera nguvu tunayoijua. Baada ya Azimio la Arusha, Nyerere aliwaomba washairi waeneze siasa ile kwa mashairi, na Mnyampala akashika ngonjera: watu wawili au zaidi wanasimama jukwaani wanajibizana kwa beti, mmoja anabisha, mwingine anamwelimisha, mwisho mbishi anakubali. Ngonjera za UKUTA (chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi) zilisomwa na kuigizwa mashuleni nchi nzima.

Ni sanaa kubwa, mtu asinielewe vibaya. Lakini katika ngonjera mhusika ni hoja iliyovaa shati. Mvivu yupo ili uvivu ushindwe. Hatuna haja ya kujua mvivu alilala na njaa jana au la, wala mshairi hakukusudia tujue. Nadhani tulizoea kusikiliza ngonjera, tukaenda kwenye tamthiliya na masikio yale yale. Tukamsikiliza Brutus kana kwamba amekuja kutoa beti za "Usaliti" ili ashindwe na beti za "Uaminifu".

Mdau wa Ihumwa

Umemtaja mzee wetu, nimelazimika kuingia na akaunti niliyokuwa nimeiacha. Mnyampala ni wa huku kwetu Ihumwa. Ila usimfungie kwenye ngonjera peke yake. Ndiye huyo huyo aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo, 1954, na ana diwani ya mashairi. Alijua kumwandika mtu. Ngonjera ilikuwa kazi ya wakati wake.

Mleta uzi

Nakubali, Mdau wa Ihumwa. Kazi ya wakati wake, sisi ndio tuliochelewa kushuka jukwaani.

Twende kwa Brutus. Huu utakuwa mrefu, wenye haraka warukie chini.

BRUTUS

Brutus yumo katika mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaizari wa Roma. Mwalimu Nyerere aliutafsiri ukatoka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika. Akaurudia, toleo lililosahihishwa likatoka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Jambo hili huwa linanifikirisha: mkuu wa nchi changa anakaa na kuhangaika na beti za mchezo ambao marafiki wanamuua mkuu wa nchi kwa ajili ya nchi. Na Januari 1964 wanajeshi wake mwenyewe wakaasi. Sisemi kuna uhusiano. Nasema hakuchagua mchezo mwepesi. (Wanangu wa twisheni huwa tunasomea pale Nyerere Square siku nyingine, sanamu ya mtafsiri ikituangalia. Hakuna anayethubutu kusema kitabu ni kigumu.)

Sasa, wengi wanapotafuta uamuzi wa Brutus wanakimbilia kumchoma Kaizari kisu. Kosa. Kaizari anakufa katikati ya mchezo, kitendo cha tatu, na mchezo unaendelea na nguvu zake zote. Kama uamuzi mkubwa ungekuwa ule, Shakespeare angefunga pazia pale.

Tazama mazungumzo yake na Cassius, mwenzake katika njama. Cassius ni mjanja, anaijua siasa. Anasema Mark Antony, rafiki wa Kaizari, auawe pamoja naye. Brutus anakataa, hataki waonekane wachinjaji. Kaizari amekufa, Antony anaomba kusema mazishini. Cassius anamvuta Brutus pembeni: usimruhusu, hujui atawatikisaje watu. Brutus anaruhusu, kwa masharti. Baadaye kabisa, jeshini, Cassius anasema tusiwafuate adui Filipi, tuwaache wachoke kuja kwetu. Brutus anasema twende. Kila mara Brutus anashinda ubishi, na kila mara anakosea.

Kwa nini anashinda ubishi? Kwa sababu Cassius anamheshimu. Wote wanamheshimu. Walimwingiza kwenye njama ile hasa kwa kuwa jina lake safi lingesafisha damu. Na yeye mwenyewe ameliamini jina lake. Anaamini kwamba mtu mwadilifu akieleza sababu zake kwa utulivu, watu wataelewa. Hapo ndipo alipo Brutus mzima. "Msaliti" haimgusi, na "mzalendo" pia haimgusi. Ni mtu aliyedhani usafi wake unatosha kuwa mkakati.

Sasa soma zile hotuba mbili. Brutus anaongea kwa nathari, sentensi zimepangwa, hoja kwa hoja, kama anawasilisha ripoti kwenye kamati. Na watu wanamshangilia. Lakini sikilizeni wanavyomshangilia: mmoja anapiga kelele kwamba Brutus ndiye awe Kaizari! Ameua mtu ili kusiwe na mfalme, na watu wake wa kwanza kumwelewa wanataka wamtawaze. Sijui sehemu nyingine yoyote katika michezo niliyosoma ambapo mtu ameshindwa huku akipigiwa makofi namna ile.

Halafu anafanya jambo ambalo kila nikilisoma natamani nimshike shati. Anashuka jukwaani, anawaomba watu wabaki wamsikilize Antony, na anaondoka. Anaondoka! Amemwachia hasimu wake umati, maiti, na nafasi ya mwisho ya kusema.

Antony anapanda na kuongea kwa mashairi. Anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka neno "heshima" linaoza mdomoni mwake. Mwanzoni hatukani hata mara moja, masharti anayatimiza. Anaonesha vazi lenye matobo ya visu. Anataja wosia, halafu anakataa kuusoma mpaka waombe. Baada ya hapo mji unawaka, na katika onyesho linalofuata umati unamkuta mshairi mmoja aitwaye Cinna, jina sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaambia mimi ni Cinna mshairi. Wanamvamia hivyo hivyo, hata kama ni kwa mashairi yake mabaya.

Walimu wengi wanalipita onyesho la Cinna kwa sababu ni fupi na "halina dhamira". Mimi naona dhamira ya mchezo mzima ipo pale. Uamuzi ulifanywa na waheshimiwa kwa lugha safi, na wa kwanza kulipa ni mtu ambaye hakuwemo kwenye kikao chochote. Rudini kwa Ngoswe mwone kama hamtakutana na jambo lile lile.

Mwanafunzi wa kidato cha sita (Makole)

Shikamoo mwalimu. Nimeelewa, ila naogopa. Mtihani unauliza "Kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma, jadili…" na msahihishaji anataka hoja tatu tatu kila kitabu. Nikianza kuandika habari za nani alimvuta nani pembeni, nitamaliza muda nina hoja moja. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la maana, nitalijibu mwishoni kwa mfano kabisa. Nivumilie nimalizie Kinjeketile kwanza.

KINJEKETILE

Ebrahim Hussein, 1969. Hapa kuna mtego, kwa sababu mtu huyu aliishi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, maji ya kuwakinga watu na risasi, vita vya Majimaji 1905 hadi 1907, na yeye mwenyewe Wajerumani wakamnyonga mapema kabisa, Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Wanafunzi wanaandika historia wakidhani wanaandika uhakiki. Hussein mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wa kwenye mchezo ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Kwa hiyo idadi ya waliokufa na majina ya magavana yaacheni kwenye daftari la historia.

Kinjeketile wa mchezo anapandwa na pepo, Hongo, anaingia mtoni na kutoka, na anasema maneno mbele ya watu. Watu wa makabila yaliyokuwa hayaaminiani wanashikana mikono. Ni ushindi mkubwa. Lakini akizinduka hakumbuki vizuri aliyoyasema. Anauliza. Anaambiwa kwamba alisema pia watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anashtuka. Mjerumani aondoke ili aje bwana mwingine? Kuanzia hapo nabii hana uhakika na unabii wake, na watu hawataki kusikia shaka yake, kwa sababu shaka haina faida kwao. Wanahitaji maji.

Hiki ndicho kinachomtofautisha na Brutus. Brutus hana shaka hata pale angepaswa kuwa nayo. Kinjeketile ana shaka na hawezi kuisema hadharani, maana akiisema umoja unavunjika. Anajaribu njia ya katikati: anawazuia wasianze vita mpaka wajiandae. Lakini neno limeshatoka kinywani mwake na limeshapata miguu. Watu wanaingia vitani bila yeye.

Kisha onyesho la mwisho, gerezani, na hapa nawaomba msome polepole. Wamepigwa, wameshindwa. Kitunda, kiongozi wa mapigano, mtu ninayempenda kuliko wote kwenye kitabu hiki, anamsihi Kinjeketile awaambie watu kwamba maji yalikuwa uongo. Mateso yaishe. Na Kinjeketile, ambaye amekuwa na mashaka karibu mchezo mzima, anakataa. Akikana, watoto watakuja kuambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Neno limezaliwa, na atakayelisikia ni mjukuu.

Nani mwenye haki? Kitunda anawatazama watu wanaoteseka leo. Kinjeketile anawatazama ambao bado hawajazaliwa. Kitunda ni mwaminifu kwa ukweli, Kinjeketile kwa kitu ambacho bado hakijawa kweli. Mimi nimeshabadilisha upande zaidi ya mara moja, na nadhani Hussein alikusudia tubadilishe. Ukiandika "Kinjeketile ni shujaa, anafaa kuigwa", umemfukuza Kitunda chumbani wakati ndiye mwenye swali.

Mdau wa Chang'ombe

Mkuu hapo kwa Kitunda umenigusa. Nilisoma kitabu hiki miaka ile, mwalimu alituambia Kitunda ni "mhusika msaidizi". Msaidizi wa nani sasa, wakati ndiye anayebisha?

Mdau wa Mpwapwa

Mimi ni mwalimu pia, huku Mpwapwa. Napenda njia hii lakini nakutega: tumia kwenye Nguzo Mama ya Penina Muhando. Uamuzi wa nani? Mhusika mkuu nani?

Mleta uzi

Mwalimu mwenzangu wa Mpwapwa umenishika pabaya, na umefanya makusudi.

Kwa wasioijua: Nguzo Mama, 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanatakiwa kuisimamisha nguzo. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, kuendelea. Kuna mtambaji, Chizuka, anayetusimulia. Wanakutana, wanavutana, kila mmoja na shida ya nyumbani kwake, na nguzo haisimami.

Ni kweli kabisa: ukitafuta dakika moja ya uamuzi mkubwa wa mtu mmoja, hutaipata. Hapo kanuni yangu inalegea, na nisingependa kuilazimisha. Majina ya namba yenyewe yanakuonesha mwandishi hataki ushikamane na mmoja. Nadhani ukitaka kuusoma mchezo ule vizuri uulize kinyume: ni uamuzi gani ambao kila mara unakaribia kufanywa kwa pamoja na haufanywi? Nani anaondoka kabla? Anaitwa na nini? Mume, pombe ya kuuza, deni, ugomvi wa urithi. Ile nguzo iliyolala ndiyo hesabu ya mambo yaliyowaita wanawake watoke mkutanoni. Muhando hakuandika kuhusu uvivu wa wanawake, ingawa kuna madaftari nimeyaona yameandika hivyo, "wanawake hawana umoja, hawafai kuigwa". Inauma.

Mdau wa Kondoa

Haya, narudi. Kwa Kitunda nimekubali. Lakini Shylock? Mtu anataka kukata ratili ya nyama kifuani mwa mwenzake. Hapo nako unataka tusikilize kesi?

Mleta uzi

Hasa hapo. Na kwenye Mabepari wa Venisi, mchezo mwingine wa Shakespeare, kesi ipo kweli, mahakamani.

Shylock anamkopesha Antonio: dukati 3,000, miezi mitatu, dhamana nyama ya Antonio mwenyewe. Siku ya kesi Bassanio, rafiki wa Antonio, anaweka mezani mara mbili ya deni. Shylock anakataa. Huo ndio uamuzi. Kama angekuwa mroho wa fedha tu, kama madaftari yanavyosema, angechukua 6,000 akaenda zake. Kwa hiyo si fedha. Ni nini? Rudi nyuma: Antonio amemtemea mate sokoni, akamwita mbwa, na wakati anakuja kukopa alisema anaweza kumtemea tena. Binti yake Jessica ametoroka na mali yake, na pete aliyopewa na marehemu mkewe ikabadilishwa kwa nyani. Shylock anasimama mahakamani na sheria mkononi kwa sababu sheria ndicho kitu pekee Venisi ambacho hakijamtemea mate. Halafu Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anaigeuza sheria ile ile dhidi yake: chukua nyama, usimwage tone la damu. Anapoteza mali, na analazimishwa kubadili dini.

Hakuna anayesema kisu chake kilikuwa halali. Lakini tafuta mtu mmoja katika mji ule anayestahili kile cheti chetu. Antonio mwenye mate? Bassanio anayekopa ili aoe tajiri? Walioshangilia mahakamani? Mwandike Shylock peke yake kwenye orodha ya wasiofaa, na mji mzima umeponyoka.

Mdau wa Kondoa

Sawa. Ila nyani ndiyo imeniuma.

Mleta uzi

Mwanafunzi wa Makole, deni lako.

Msahihishaji anataka hoja tatu, mpe tatu. Hakuna sheria inayosema hoja lazima iwe kavu. Tumia uamuzi mmoja kuzalisha hoja, badala ya kuokota hoja tofauti kila kona ya kitabu. Mfano, Ngoswe, moto wa Mitomingi. Hoja ya kwanza ya dhamira ungeiandika hivi:

"Madhara ya uzembe kazini. Mwandishi anaonesha kuwa uzembe wa mtumishi mmoja hulipwa na watu wengi. Ngoswe anatumwa kuhesabu watu, lakini anaiacha kazi na kumfuata Mazoea, binti wa mwenyeji wake. Mzee Mitomingi, ambaye akiwa balozi alipaswa kuilinda kazi hiyo, anazichoma karatasi za sensa kwa hasira ya baba. Kijiji kizima kinakosa kuhesabiwa kwa jambo ambalo hakikushiriki."

Mistari michache, ina mada, ina ushahidi, ina majina, na ina kitu ambacho mwenzako wa dawati la pili hana. Kutoka moto huo huo unapata hoja ya pili: mgongano wa wajibu wa umma na heshima ya familia, Mitomingi akiwa katikati. Na ya tatu: nafasi ya mwanamke, maana Mazoea anagombewa na mchumba, na baba, na karani, na wewe uoneshe yeye mwenyewe alichagua nini. Hoja tatu, tukio moja, hukuhama ukurasa sana. Muda utakutosha.

Na wakiuliza wazi kabisa "je, mhusika anafaa kuigwa?", jibu. Usibishane na karatasi ya mtihani. Lakini andika katika lipi anafaa na katika lipi hafai, na utaje onyesho. Mitomingi katika kumpokea mgeni wa serikali, ndiyo. Katika kuchoma karatasi za watu, hapana. Umejibu swali na mzee bado yuko hai.

Mwanafunzi wa kidato cha sita (Makole)

Asante sana mwalimu. Jumamosi nije na kitabu gani?

Mleta uzi

Kinjeketile. Usiku wa kuamkia hapo soma onyesho la gerezani mara mbili, kwanza ukiwa upande wa Kinjeketile, kisha upande wa Kitunda. Ukiona Kitunda anashinda, usiogope kuliandika hilo.

Mdau wa Kizota

Jumamosi saa ngapi? Mimi sina mtihani wowote ila nataka kubishana.

Mleta uzi

Saa tisa, Nyerere Square. Njoo na kitabu chako, vya kuazima havitoshi.